Uhuru wa kwanza hauna siku yake

Ukipanda gari la Mbagala ukashika Barabara ya Kilwa, unaelekea upande uleule alioelekea Kapteni Frederic Elton mwishoni mwa mwaka 1873. Elton alikuwa ofisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza. Alitoka Dar es Salaam kwenda kusini huku akihesabu watumwa aliopishana nao wakipelekwa kaskazini. Kati ya Desemba 21 na Januari 20 alihesabu watu 4,096. Huo ni mwezi mmoja tu, tena ni wale walioonekana na mtu mmoja.

Nimekuwa nikizirudia tarehe hizo kichwani. Shuleni tulifundishwa kwamba soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa Juni 5, 1873. Tuliandika kwenye madaftari, tukajibu kwenye mtihani, wengi wetu tukatoka na picha kwamba siku ile minyororo ilifunguliwa. Nusu mwaka baadaye watu zaidi ya 4,000 walikuwa wakiswagwa kwa miguu kuupita mji huu. Mkataba ambao Sultani Barghash aliutia saini chini ya vitisho vya manowari za Kiingereza ulifunga njia ya bahari. Wafanyabiashara wakahamia nchi kavu. Dar es Salaam, mji ambao Sultani Majid alikuwa ameanza kuujenga miaka ya 1860 na kuuacha nusunusu alipokufa mwaka 1870, ukawa njia ya kupitia.

Ninaandika haya kwa sababu kila inapotajwa habari ya kuadhimisha mwisho wa utumwa, akili zetu hukimbilia Bagamoyo au Unguja. Huko kuna mapango, kuna kanisa lililojengwa palipokuwa na soko, kuna sanamu za watu waliofungwa shingoni, na kuna waongoza watalii wanaoijua simulizi kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiitaliano. Sisi wa Dar es Salaam tunakwenda kule mara moja na wanafunzi wa darasa la sita, tunapiga picha, tunakula samaki ufukweni, tunarudi. Utumwa umekuwa jambo la mahali pengine, na mwisho wake umekuwa jambo la watu wengine.

Tuulize swali ambalo watoto wetu hawaulizwi: hapa kwetu utumwa uliisha lini?

Mwaka 1876 Barghash alipiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Lakini kuzuia biashara si kuondoa utumwa, kwa maana aliyekwisha nunuliwa alibaki mali ya mtu. Unguja na Pemba walingoja hadi Aprili 6, 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa mbele ya sheria. Amri ile inafaa kusomwa polepole. Haikumfanya mtu yeyote kuwa huru asubuhi yake. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe akaombe uhuru. Akishaupata, aoneshe kwamba ana makao na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Alitakiwa pia kuanza kulipa kodi. Bwana wake alikuwa na haki ya kulipwa fidia kwa kumpoteza. Yeye aliyepoteza nyumbani kwao, jina lake na miaka yake hakuandikiwa hata senti moja. Masuria waliachwa mikononi mwa mabwana zao, isipokuwa yule atakayeweza kuthibitisha kwamba ametendewa ukatili. Wao walingoja hadi mwaka 1909.

Huku bara tulichelewa zaidi. Wajerumani waliingia pwani hii wakijinadi kuwa wapinga utumwa, na fedha za kupigana na Abushiri na wenzake mwaka 1889 ziliombwa Berlin kwa jina hilo. Hata hivyo katika miaka yote ya utawala wao hawakuwahi kuufuta utumwa kisheria. Walitoa hati za uhuru kwa mmoja mmoja, na mwaka 1904 wakatangaza kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya Desemba 31, 1905 atakuwa huru. Fikiria chumba kimoja, mkeka mmoja, mama anamnyonyesha mtoto: mtoto ni huru, mama ni mali. Wanahistoria wanakadiria kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 koloni lile lilikuwa na watumwa kama 400,000. Sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, baada ya Waingereza kukabidhiwa nchi hii.

Kutoka 1922 hadi Desemba 1961 ni miaka 39.

Kwa hiyo usiku ule bendera ya Uingereza iliposhushwa, wazee wa miaka sitini waliokuwa wamesimama kwenye umati walikuwa wamezaliwa wakati sheria ya nchi inamruhusu mtu kummiliki mtu. Bila shaka walikuwamo waliozaliwa watumwa. Na neno walilokuwa wakilipaza, uhuru, hawakulijua kwa mara ya kwanza kwenye mikutano ya TANU pale Mnazi Mmoja. Kabla halijawa neno la siasa, pwani hii ilikuwa ikilitumia kwa jambo moja mahususi: hali ya mtu aliyetoka utumwani. Kuandikiwa uhuru, kupewa uhuru, kununua uhuru wako mwenyewe kwa fedha ulizodunduliza. TANU walipolichukua neno hilo walichukua neno ambalo mababu walikuwa wamelilipia. Sitaki kupunguza hata chembe ya heshima ya Desemba 9. Ninasema tu kwamba huo ulikuwa uhuru wa pili. Wa kwanza hauna siku, hauna wimbo, hauna gwaride.

Na kama ungekuwa na siku, tungemkumbuka nani? Hapa ndipo ninapotofautiana na maadhimisho mengi ninayoyasoma, yanayoanza na majina ya wakombozi: balozi fulani, askofu fulani, sultani fulani aliyetia saini. Sikatai kwamba walikuwepo waliojitolea kweli. Lakini zitazame tarehe nilizozitaja. Kila mara karatasi ilifika nyuma ya watu. Pangani, kwenye mashamba ya miwa ya Kikogwe, watumwa waliasi katika miaka ya 1870 wakajiwekea makazi yao wenyewe. Watoro walijaza misitu ya nyuma ya pwani. Wajerumani walipoanza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, maelfu ya watu walikwenda kutafuta ujira relini, bandarini na mashambani, na wengi miongoni mwao walikuwa watumwa ambao hawakurudi tena kwa mabwana zao. Hawakumngoja hakimu. Mtu alitoka asubuhi na jembe lake, na jioni hakuonekana. Kufikia 1922 sheria ilikuwa inaandika jambo ambalo nusu yake watu walikuwa wamekwisha kulifanya kwa miguu yao.

Hata neno kibarua limebeba habari hiyo. Zamani mtumwa wa mjini aliweza kukodishwa kwa siku kwa mtu mwingine, akapewa cheti, barua ndogo, na ujira wake akaugawa na bwana. Wengi walitumia mlango huo kutoka kidogokidogo, leo siku moja, kesho wiki, mpaka bwana akabaki na jina la ubwana tu. Kijana anayesimama leo pembeni ya barabara kungoja lori la mchanga au zege anaitwa kwa neno hilohilo. Angalau aambiwe lilikotoka.

Yapo maneno mengine ambayo hayapendezi kuyafumbua. Mjinga, kwenye kinywa cha mtu wa pwani wa karne ya 19, alikuwa mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi. Aliyezaliwa hapa aliitwa mzalia na akajiona bora kidogo. Hata majina. Mtu alinyang'anywa jina alilopewa na mama yake Nyasa au Manyema, akaitwa Feruzi, Almasi, Mabruki, majina ya vito na baraka ya mwenye mali. Majina hayo bado yapo mitaani kwetu, yamekwisha kuwa majina mazuri ya watu wazuri, na siyo kila mwenye nalo alilipata kwa njia hiyo. Katika ukoo wetu limo moja.

Bibi yangu mzaa mama aliishi Magomeni hadi alipofariki. Usiku ule wa 1961 alikuwa mwanamke mtu mzima, na alikuwa akitusimulia alivyokesha na wenzake wakiimba. Alisimulia kila kitu: vita, njaa, kanga zilizokuwa zikitoka, nani alimwoa nani. Lakini ukimuuliza habari za bibi yake yeye alijibu, "Bara." Bara wapi, bibi? "Bara tu, mjukuu wangu." Ukiendelea kuchokonoa alikutuma dukani. Mara moja tu, nilipokuwa nimekwisha kuwa na watoto wangu mwenyewe, aliongeza neno moja. Pwani hapa watu husema fulani alikuja: alikuja kutoka Rufiji, alikuja kutoka Tabora, na asiye na asili hapa huitwa mtu wa kuja. Bibi hakusema alikuja. Alisema, "Aliletwa." Kisha akanyamaza, nami sikuthubutu kuuliza tena.

Ukimya ule si wa bibi yangu peke yake. Dar es Salaam na miji yote ya pwani imejaa familia zenye shimo kama hilo katika nasaba. Watu walificha kwa sababu kutajwa kuwa mtoto wa mtumwa kuliharibu posa, kuliharibu heshima msikitini na sokoni, kulimfanya mtu ashindwe kusema barazani. Aibu ile ilipaswa kumkaa aliyenunua na aliyeuza. Ikamkaa aliyenunuliwa, ikarithiwa kama nyumba. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kuwa na siku ya maadhimisho: kuiondoa aibu pale ilipowekwa isivyo haki, hadharani, kwa sauti ya taifa, ili mjukuu aweze kusema "bibi yetu aliletwa" na asione haya.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ni nzito. Wanasema ukifukua habari hizi utaamsha chuki kati ya watu wenye asili ya Kiarabu na wengine, utachochea dini na dini. Ninaifahamu hofu hiyo. Siasa za Unguja kabla ya Mapinduzi ya 1964 zilitumia sana habari za utumwa, na damu ilimwagika. Lakini simulizi inayoweza kutumika hivyo ni ile nusu, ile inayonong'onwa. Simulizi nzima haimpi mtu yeyote nafasi ya kujitoa. Misafara iliongozwa na Waswahili na Waarabu kama Tippu Tip, ndiyo. Lakini Wayao na Wanyamwezi walikuwa wafanyabiashara wakubwa vilevile, na wako machifu waliouza watu wa jirani zao na hata watu wao. Mtaji ulitoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja. Wafaransa walihitaji watu wa mashamba ya miwa ya Mauritius na Réunion. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Pembe za ndovu zilizobebwa na misafara ileile zilikwenda hadi Marekani zikawa vibao vya piano, na kutoka huko zikaja jora za pamba tulizoziita merikani, ambazo bara zilitumika kama fedha. Mtoto akifundishwa mnyororo huo wote, pete kwa pete, atamchukia nani? Atajifunza jinsi watu wa kawaida, wanaosali na kupenda watoto wao, wanavyoweza kuzoea kumuuza mtu.

Mauritius, ambako watu wetu walipelekwa, wana siku yao. Kila Februari 1 nchi inapumzika kukumbuka mwaka 1835 utumwa ulipofutwa kisiwani kwao. Réunion ni Desemba 20. Huko wanawakumbuka Wamakua na Wayao waliopitia Kilwa. Sisi tuliobaki upande huu wa bahari, tuliotolewa watu, hatuna siku.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walipelekwa Somalia kama watumwa, baadhi yao baada ya kukimbia njaa. Wakatoroka mashamba, wakajikusanya kando ya Mto Juba, na kwa vizazi vyote hivyo wakaendelea kuzungumza Kizigula na kusimulia walikotoka. Vita vya Somalia vilipozuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya wajukuu zao walipanda vyombo wakaja Tanzania. Walisema wanarudi nyumbani. Walipewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na wengi wao wakapata uraia. Watu ambao hawakuwa na shule, wala vitabu, wala siku ya taifa walitunza kumbukumbu zaidi ya miaka 150 kwa midomo yao tu. Kila nikiwafikiria ninaiona mikono yetu ilivyo mitupu, sisi tulio na wizara, makumbusho na vyuo vikuu.

Siyo kwamba hatujui kukumbuka. Songea kila Februari wanawakumbuka mashujaa wa Maji Maji walionyongwa mwaka 1906, na Novemba 2023 Rais wa Ujerumani alikwenda pale akaomba msamaha. Hapa katikati ya jiji tuna Sanamu ya Askari, iliyosimama tangu 1927. Maandishi yake yanawataja na wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, ingawa aliyechongwa ni askari peke yake. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wengi wakiwa wamekamatwa kwa nguvu vijijini, na jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps. Hao nao ni sehemu ya habari hii. Mnyororo ulipofunguliwa shingoni, mzigo uliwekwa kichwani.

Siombi sikukuu nyingine ya kufunga maduka. Ninapendekeza Desemba 2. Dunia imekwisha kuitenga kuwa siku ya kimataifa ya kukomesha utumwa, kutokana na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1949 dhidi ya biashara ya binadamu, na kwetu sisi inaangukia wiki moja kamili kabla ya Desemba 9. Wapo watakaopenda Agosti 23, siku ya kukumbuka watumwa wa Haiti walioasi mwaka 1791, na kwa roho yangu ningeipenda hiyo kwa sababu inawapa heshima watumwa wenyewe. Lakini Desemba 2 inaziweka uhuru zetu mbili katika juma moja, kwa mpangilio wake sahihi, na mwalimu wa shule ya msingi hahitaji kuelezwa zaidi.

Na ianzie hapa Dar es Salaam. Mahali papo. Sokoine Drive kuna jengo la zamani kabisa, la enzi za Sultani Majid, linaloitwa Nyumba ya Atiman. Watu wengi wanalipita kila siku wakienda kwenye boti za Unguja bila kujua Atiman ni nani. Adrian Atiman alizaliwa pembezoni mwa Mto Niger, Afrika Magharibi, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa. Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, wakamkomboa huko Algeria. Akasomeshwa udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Akawatibu watu wa pale hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67 bila kuhama. Daktari wa Tanganyika aliyekuwa mtumwa aliishi hadi miaka mitano kabla ya uhuru wetu. Kibao kimoja ukutani, kwa Kiswahili, chenye maelezo yanayosomeka na mtu anayepita na mzigo wake, hakigharimu kitu kikubwa.

Siku hiyo watu wazungumze pia habari za sasa. Mabinti wanaoletwa mjini kutoka mikoani kwa ahadi ya shule wakaishia kulala jikoni bila mshahara, na wenzao wanaopelekwa nje wakanyang'anywa pasi za kusafiria, wote wanahusika. Tunayo sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008. Sitalirefusha hili hapa, linastahili makala yake.

Mwaka huu sitangoja serikali. Jioni ya Desemba 2 nitawachukua wanangu twende Sokoine Drive, tusimame mbele ya jengo lile, kisha tupande gari la Mbagala tuifuate Barabara ya Kilwa hadi mwisho wa safari. Njiani nitawaambia habari za watu 4,096. Watauliza kama mmoja wao alikuwa wa kwetu. Nitawajibu kwamba sijui bibi wa bibi yangu alipita njia gani, wala kijiji chake hatukijui, wala jina alilopewa na mama yake. Ninachokijua ni kile alichoniambia bibi, na nitawaambia kwa neno lilelile, aliletwa.